Namna ya Kuyasoma Majengo ya Kale Katikati ya Mji wa Ludlow, Uingereza: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Katika miji ya soko ya Uingereza, uso wa nyumba mara nyingi ndio sehemu yake changa kuliko zote. Nyumba moja yaweza kusimama juu ya kiwanja kilichopimwa katika karne ya 12, ikawa na kiunzi cha mbao cha karne ya 15, ukuta wa mbele wa matofali ya karne ya 18 na kioo cha duka kilichowekwa katika karne ya 20, na mpita njia akakiona kile kioo peke yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma nyumba ya aina hiyo kuanzia kiwanja hadi paa, na kuanzia barabarani hadi uani, kwa kutumia mji mmoja halisi.

Mji wenyewe ni Ludlow, ulio kusini mwa jimbo la Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Nimeuchagua kwa sababu eneo lake la katikati ni dogo kiasi cha kuzungukwa kwa miguu kwa siku moja, na lina majengo yanayokaribia 500 yaliyoorodheshwa na kulindwa kisheria. Njia hii yafaa pia katika miji mingine ya namna hiyo, kama vile Stamford, Lavenham au Faversham, ingawa vifaa vya ujenzi hubadilika kulingana na kile ardhi ya mahali ilichotoa: Stamford ni mji wa mawe, na Lavenham ni mji wa mbao. Nimewaandikia wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza au wanaoitembelea, wanafunzi wa historia na usanifu wa majengo, na wale wanaokodi au kununua nyumba za namna hii, ambao wana sheria za kuzingatia zitakazoelezwa mwishoni.

Kwanza, jua fedha ilitoka wapi

Majengo hayaeleweki bila kujua ni nani aliyekuwa na fedha wakati yanajengwa. Ludlow ilipata fedha kwa awamu nne, na kila awamu iliacha aina yake ya nyumba.

Awamu ya kwanza ilikuwa ya ngome na sufi. Ukoo wa de Lacy ulianza kujenga ngome mwishoni mwa karne ya 11 ili kuudhibiti mpaka wa Wales, na mbele ya lango lake ukapimwa mji wenye soko. Wafanyabiashara wa sufi na nguo walitajirika, wakaunda chama cha kidini cha kusaidiana kilichojulikana kama Palmers, ambacho kilimiliki nyumba nyingi mjini na kugharimia sehemu kubwa ya kanisa.

Awamu ya pili ilikuwa ya mahakama. Kuanzia miaka ya 1470 ngome ilikuwa makao ya Baraza la Mipakani, chombo cha kifalme kilichotawala Wales na majimbo ya jirani, mpaka lilipovunjwa mwaka 1689. Kwa zaidi ya miaka 200 mji ulijaa mawakili, makarani na watu waliokuja kufuatilia kesi zao, nao walihitaji nyumba za kuishi, nyumba za wageni na mahali pa kula.

Baraza lilipoondoka, matajiri wenye mashamba wa eneo lile waliifanya Ludlow kuwa mji wao wa kukutania, wakajenga au kukarabati nyumba kwa mtindo wa karne ya 18, na hiyo ndiyo awamu ya tatu. Sambamba nao ilikuwako kazi ya kushona glavu, iliyoajiri watu wengi hadi mwanzoni mwa karne ya 19 ilipoporomoka. Awamu ya nne ililetwa na reli, iliyofika mwaka 1852, lakini mji haukugeuka kuwa mji wa viwanda. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya majengo kusalimika, kwa kuwa hapakuwa na fedha ya kutosha kuyabomoa na kuyajenga upya.

Hatua ya 1: Jiandae kabla ya kuondoka nyumbani

Treni ndiyo usafiri ulio rahisi. Kituo cha Ludlow kiko katika njia ya reli kati ya Shrewsbury na Hereford, na kutoka hapo hadi katikati ya mji ni mwendo mfupi wa kupanda kilima. Gari halina faida ndani ya mji wa kale, kwa kuwa barabara ni nyembamba na maegesho ni haba.

Chukua darubini ndogo, daftari, penseli na utepe wa kupimia wa mita tano. Darubini haihitaji kuwa ya bei kubwa. Kazi yake ni kukuonyesha viungo vya mbao na vifaa vya paa, ambavyo jicho tupu halivifikii. Kabla ya safari tafuta ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, hasa zile za inchi 25 kwa maili moja, ambazo Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka wazi kwenye intaneti bila malipo, na ambazo zinahusu Uingereza pia. Ramani hizo zinaonyesha kila nyumba, kila ua na kila kichochoro kama vilivyokuwa mwishoni mwa karne ya 19. Chapisha ukurasa unaohusu katikati ya mji, kwa sababu utauandika sana.

Chagua saa kwa uangalifu. Soko la wazi hufanyika Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, na inafaa uione siku mojawapo ili uelewe uwanja ulivyokusudiwa kutumika. Lakini kuchunguza kuta ni kazi ya asubuhi na mapema, kabla ya maduka kufunguliwa na magari kuegeshwa mbele ya nyumba. Jua la chini linalopita ubavuni mwa ukuta hudhihirisha kila mwinuko na kila kiraka. Broad Street inateremka kuelekea kusini, kwa hiyo nyumba za upande wa magharibi hupata mwanga mzuri asubuhi, na za upande wa mashariki hupata zamu yao alasiri.

Hatua ya 2: Soma umbo la mji kabla ya kusoma nyumba

Anzia Castle Square, mbele ya lango la ngome, ukitazama mashariki. Hapo zamani soko lilikuwa barabara moja pana sana iliyotoka langoni hadi Bull Ring, mahali palipouzwa ng'ombe. Leo upana huo umebaki upande wa ngome tu. Ukisonga mbele kuelekea mashariki, unakuta ghafla vitalu vya nyumba vimesimama katikati ya kile kilichokuwa uwanja, na watu wanapita pembeni mwake kwa njia nyembamba kama Church Street na Harp Lane.

Vitalu hivyo vilianza kama meza na vibanda vya wauzaji. Muuzaji aliyelipa ushuru mwaka hadi mwaka aliweka paa, baadaye ukuta, kisha chumba cha kulala juu ya duka, na wenye mamlaka waliona heri kupokea kodi ya kudumu kuliko kumfukuza. Dalili ya nyumba iliyotokana na kibanda ni kwamba haina ua: imebanwa pande zote na barabara au na nyumba nyingine, na msingi wake ni mdogo mno kulinganisha na urefu wake kwenda juu. Ukiijua dalili hii, utaitambua katika karibu kila mji wa soko wa Uingereza, hata pale ambapo soko lenyewe lilikufa zamani.

Jihadhari na uwazi wa Castle Square kama unavyouona leo. Ukumbi wa mji na soko uliojengwa kwa matofali miaka ya 1887 hadi 1889 ulisimama hapo kwa takriban karne nzima, ukabomolewa mwaka 1986. Ramani yako ya zamani itakuonyesha ulipokuwa. Mambo ya namna hii ndiyo yanayonifanya nisisitize ramani, kwa maana macho peke yake yangekuambia kwamba uwanja ulikuwa wazi siku zote.

Hatua ya 3: Pima upana wa kiwanja

Nenda Broad Street au Mill Street. Mji ulipopimwa, ardhi iligawanywa katika vipande virefu na vyembamba, kila kimoja kikigusa barabara kwa upande mfupi, kwa sababu nafasi ya mbele ndiyo iliyokuwa na thamani ya biashara. Kipimo cha kawaida kilikuwa ufito wa futi 16 na nusu, yaani takriban mita 5.03, na kiwanja kilichukua ufito mmoja, miwili au zaidi.

Pima kwa utepe au kwa hatua zako upana wa nyumba kadhaa zilizopangana, uandike namba hizo kwenye ramani. Palipo na mita tano au kumi, au karibu yake, huenda unagusa mpaka wa asili. Nyumba yenye upana wa mita kumi na tano na uso mmoja wa fahari yawezekana kuwa viwanja viwili au vitatu vilivyounganishwa na tajiri mmoja katika karne ya 18; ukiangalia paa lake kwa nyuma, mara nyingi utakuta mapaa mawili au matatu yaliyofichwa na ukuta mmoja wa mbele. Mipaka ya viwanja ndiyo kitu kigumu kufa kuliko vyote mjini. Nyumba huungua, huanguka na hujengwa upya, lakini jirani hakubali kupoteza hata shubiri ya ardhi yake.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma mbao

Hapa inafaa kutumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote, na mahali pa kuanzia ni kwenye Bull Ring, mbele ya jengo la Feathers.

Jengo hili lilijengwa mwaka 1619 na wakili aitwaye Rees Jones, katika kipindi ambacho Baraza la Mipakani lilikuwa limeneemesha wanasheria, na likawa nyumba ya wageni miaka ya 1670. Simama ng'ambo ya barabara uhesabu pembetatu tatu za ukuta zinazoelekea barabarani, kisha shuka kwa darubini ghorofa moja baada ya nyingine. Utaona kila ghorofa imetokeza mbele kidogo kuliko ile ya chini yake. Utaona pia kwamba mbao nyingi katika uso huu hazibebi chochote: zile za mshazari zinazounda maumbo ya almasi, na zile zilizopindwa kati yake, ziliwekwa ili kuonyesha kwamba mwenye nyumba angeweza kumudu mbao na mafundi. Miongoni mwa nakshi kuna manyoya ya mbuni, ishara ya mrithi wa kiti cha ufalme, ambayo ndiyo iliyoipa nyumba jina. Kwenye bamba la kitasa cha mlango mkubwa zimechorwa herufi R na I. Hiyo I ndiyo herufi ya mwanzo ya Jones, kwa kuwa wakati huo maandishi ya namna hii hayakutofautisha I na J.

Baada ya kutosheka na mapambo, rudi kwenye mifupa. Mbao za nyumba hizi ni za mwaloni, na mafundi waliuchonga ungali mbichi kwa sababu ukikauka huwa mgumu mno. Kiunzi kililazwa na kukamilishwa chini katika karakana, kila kiungo kikatiwa alama, kikafunguliwa na kupelekwa kiwanjani kuunganishwa tena. Ndiyo maana karibu na viungo utakuta mikato midogo inayofanana na namba za Kirumi, ambayo ilimwambia fundi ni ulimi upi unaoingia katika tundu lipi. Viungo vilifungwa kwa vijiti vya mwaloni. Tundu tupu katika mbao iliyo wazi, lisilopokea kitu chochote, ni ushahidi kwamba palikuwa na ukuta, dirisha au ghorofa ambayo imeondolewa, au kwamba ile mbao ilitolewa katika jengo jingine. Tafuta matundu hayo kwa bidii, kwa sababu yanaeleza zaidi kuliko nakshi.

Nafasi kati ya mbao zilizibwa kwa vigingi na fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe, kisha zikapakwa chokaa. Msomaji aliyekulia katika nyumba ya miti na udongo hahitaji kuelezwa zaidi, maana ujenzi ni uleule, na udhaifu wake ni uleule: ukuta huo hudumu karne nyingi maadamu paa ni zima na miguu yake haikai majini.

Umri wa kiunzi hukadiriwa kwa mambo matatu. Nguzo zilizosimamishwa karibu karibu, zikiacha nafasi inayolingana na upana wa nguzo yenyewe, ni dalili ya fedha nyingi na hupatikana sana katika karne ya 15 na ya 16. Visanduku vya mraba vinavyorudiwa ukutani ni desturi ya eneo hili la magharibi, na vilidumu hadi karne ya 17. Nakshi nzito za aina ya Feathers ni za mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17. Hayo ni makadirio tu. Jibu la uhakika hutolewa na wataalamu wanaotoboa mbao, kuchukua kipande chembamba na kuzilinganisha pete za ukuaji wa mti na rekodi ya eneo, na ikiwa pete ya mwisho chini ya gome ingalipo, huweza kuutaja mwaka ambao mti ulikatwa.

Usidanganywe na rangi. Ule weusi wa mbao na weupe wa kuta ambao picha za watalii hupenda kuuonyesha ni mtindo ulioenezwa zaidi katika karne ya 19. Awali mbao nyingi ziliachwa na rangi yake ya kijivu, au zilipakwa chokaa pamoja na ukuta mzima. Kwa hiyo weusi mkali unakuambia habari za karne ya 19, hauwezi kukuambia lolote kuhusu karne ya 15.

Kutoka Feathers rudi hadi kwenye kona ya King Street na Broad Street, ambako duka lililojengwa kwa mbao katika karne ya 15 linatokeza kuelekea barabara zote mbili. Ghorofa haiwezi kutokeza pande mbili bila boriti moja nene iliyolazwa kwa mshazari kutoka ndani hadi kwenye kona. Itafute kona hiyo kwa chini, uangalie jinsi nguzo ya pembeni ilivyotanuka juu ili kuipokea. Fundi aliutafuta mwaloni uliopanuka karibu na mzizi, akausimamisha kichwa chini.

Hatua ya 5: Soma matofali na madirisha

Sasa shuka Broad Street polepole, upande mmoja kwanza. Nyumba nyingi hapa zina uso wa matofali wa karne ya 18, wenye madirisha yaliyopangwa kwa ulinganifu na mlango wenye nguzo pembeni. Utulivu wa barabara hii unatokana na kwamba wenye nyumba kwa miongo mingi walikubaliana juu ya kile kilicho kizuri, bila mtu kuwalazimisha.

Angalia mpangilio wa matofali. Safu moja ikionyesha mbavu za matofali, yaani pande zake ndefu, na inayofuata ikionyesha vichwa, yaani pande fupi, huo ni mpangilio wa kale zaidi nchini humo. Kila safu ikipishanisha ubavu na kichwa, huo ndio mpangilio uliotawala karne ya 18. Ukubwa wa tofali nao una habari: kati ya mwaka 1784 na 1850 serikali ilitoza kodi ya matofali, na kwa kuwa awali ilihesabiwa kwa idadi, watengenezaji waliyaongeza unene.

Madirisha yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ndiyo yaliyobadilishwa mara nyingi kuliko kuta. Dirisha la kupandisha na kushusha lililogawanywa katika vioo vidogo, sita juu na sita chini, ni la karne ya 18 au mwanzo wa karne ya 19. Kadiri vijiti vinavyotenganisha vioo vilivyo vinene, ndivyo lilivyo la zamani zaidi. Kodi ya vioo iliondolewa mwaka 1845, vioo vikubwa vikawa nafuu, na watu wakang'oa vile vidogo. Kioo kikubwa kilikuwa kizito, hivyo fremu ya juu ikaongezewa vipembe viwili vidogo vinavyoning'inia pembeni ili kuimarisha viungo. Ukiviona vipembe hivyo, fremu hiyo ni ya katikati ya karne ya 19 au baadaye, hata kama ukuta ni wa karne iliyotangulia.

Simulizi maarufu husema kwamba kila dirisha lililozibwa lilizibwa ili kukwepa kodi ya madirisha. Kodi hiyo ilikuwapo kweli, tangu mwaka 1696 hadi 1851, na wapo waliozibia madirisha kwa ajili yake. Lakini mengi yalijengwa yakiwa yamezibwa tangu mwanzo, kwa sababu nyuma yake kuna dohani au ukuta wa ndani, na mjenzi alitaka tu uso ulingane. Angalia kama matofali ya kuzibia yameshikana na ya ukutani au yana mstari wa wima kwenye ukingo. Mstari huo ndio unaoashiria kwamba huenda hapo palikuwa na dirisha la kweli.

Hatua ya 6: Tafuta ubavu na mgongo wa nyumba

Hatua hii ndiyo inayogeuza matembezi kuwa uchunguzi, na ni wachache wanaoifanya. Uso wa matofali wa Broad Street mara nyingi ni gamba lenye unene wa tofali moja lililobandikwa mbele ya nyumba ya mbao. Dalili zake ni hizi: paa lenye mwinuko mkali linalochungulia nyuma ya ukuta mfupi wa juu, sakafu za ndani zisizolingana na madirisha, dari iliyo chini mno ukifungua mlango, na, kubwa kuliko zote, ukuta wa pembeni wa kichochoro ambamo nguzo na visanduku vya mbao vingali wazi kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuvificha.

Pita katika kila kichochoro ambacho ni njia ya wote. Quality Square, karibu na Castle Square, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwani unaingia kwa njia nyembamba na kutokea katika ua ambao barabarani haudhaniwi kuwapo. Usiingie katika ua wa mtu bila idhini. Katika maduka, vyumba vya chai na baa, nunua kitu, kisha uombe kwa adabu kuangalia boriti za dari. Wenyeji wengi hujivunia nyumba zao na watakuonyesha hata chumba cha chini ya ardhi. Boriti ambayo kingo zake zimechongwa mshazari, na mchongo huo ukaishia kwa umbo la pambo kabla ya kufika ukutani, ilikusudiwa kuonekana, kwa hiyo hicho kilikuwa chumba cha heshima. Pambo hilo likikosekana upande mmoja, yaelekea chumba kilikatwa vipande viwili baadaye.

Kupiga picha za majengo ukiwa mahali pa umma kunaruhusiwa na sheria ya Uingereza. Hata hivyo, usielekeze kamera ndani ya madirisha ya watu.

Hatua ya 7: Malizia kwa majengo ya umma

Nimeyaweka majengo makubwa mwishoni kwa makusudi, maana mgeni akianza nayo huzidharau nyumba za kawaida.

Jengo la Buttercross, lililo kwenye mwisho wa juu wa Broad Street, ni la miaka ya 1740. Ghorofa yake inabebwa na nguzo za mawe, na chini yake ndipo palipouzwa siagi na mazao. Ukiteremka hadi mwisho wa barabara hiyohiyo utakuta Broad Gate. Ujenzi wa ukuta wa mji uliruhusiwa na mfalme mwaka 1233, na kati ya malango yake ya zama zile ni hili pekee lililobaki limesimama. Minara yake miwili ya mviringo ni ya karne ya 13, lakini juu yake kuna nyumba ya karne ya 18 yenye madirisha na dohani, ambamo watu wameishi kwa vizazi. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa tabaka za mji huu.

Kanisa la St Laurence lilijengwa upya kwa sehemu kubwa katika karne ya 15 kwa fedha za sufi na za Palmers. Ingia sehemu ya waimbaji, uangalie viti 28 vya kukunja ambavyo chini yake vimechongwa sanamu: kwenye kimoja mbweha anawahubiria mabata bukini, na kwenye kingine muuza pombe mdanganyifu anabebwa na shetani kupelekwa motoni. Mafundi waliochonga viti hivi walichukua maisha ya sokoni wakayaweka madhabahuni, na mchongo wao bado ni mkali baada ya miaka zaidi ya 500. Karibu na uwanja wa kanisa iko Reader's House, nyumba ya mawe iliyoongezewa kibaraza cha mbao chenye ghorofa mwaka 1616.

Ngomeni hutozwa kiingilio. Mawe yake yalichimbwa palepale kwenye mwamba wa kilima, na kanisa lake dogo la mviringo la karne ya 12 ni la aina adimu nchini. Humu ndimu alimofia Arthur, mwana wa mfalme na kaka yake Henry wa Nane, mwezi Aprili 1502.

Hatua ya 8: Linganisha na orodha rasmi, na uzingatie sheria

Ukirudi nyumbani, fungua Orodha ya Taifa ya Urithi inayotunzwa na taasisi ya Historic England. Inapatikana bure kwenye intaneti, na kila jengo lina maelezo yake. Madaraja ni matatu: Daraja la I lina takriban asilimia 2.5 ya majengo yote, Daraja la II lenye nyota asilimia 5.8, na Daraja la II lina yaliyosalia. Linganisha maelezo na daftari lako, lakini yasikutishe. Maingizo mengi ya zamani yaliandikwa na watu waliosimama barabarani bila kuingia ndani, na yawezekana wewe umeona kichochoroni kitu ambacho hakikuandikwa.

Kwa yeyote anayekodi au kununua jengo la namna hii, awe anafungua mgahawa, saluni au ofisi, jambo la kushika ni kwamba ulinzi wa kisheria unahusu jengo zima, ndani na nje, pamoja na majengo ya uani yaliyokuwapo kabla ya tarehe 1 Julai 1948. Kubadilisha dirisha, kutoboa ukuta kwa ajili ya bomba la jiko, kuondoa mlango wa ndani au kuweka kibao kipya kunaweza kuhitaji idhini ya halmashauri kabla kazi haijaanza. Kufanya kazi hiyo bila idhini ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1990, lenye adhabu ya faini au kifungo cha hadi miaka miwili. Na mnunuzi mpya anaweza kuamriwa kurekebisha kosa la mwenye nyumba aliyemtangulia. Muulize ofisa wa uhifadhi wa halmashauri kwanza, na udai majibu kwa maandishi.

Vilevile usimruhusu fundi apige lipu ya saruji juu ya ukuta wa kale. Ukuta wa mbao na udongo, au wa mawe yaliyojengwa kwa chokaa, hupitisha unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani, na mwaloni uliodumu miaka 500 huoza kimyakimya nyuma ya lipu safi. Waliohudumia nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua hasara hii vizuri, na dawa yake ni ileile ya chokaa.

Ukitaka kuona ndani ya majengo ambayo kwa kawaida hufungwa, panga safari yako mwezi Septemba, wakati wa siku za urithi, ambapo majengo mengi kote Uingereza hufunguliwa bila malipo. Baada ya hapo tengeneza karatasi moja kwa kila nyumba uliyoichunguza: upana wa kiwanja, aina ya kiunzi, mpangilio wa matofali, aina ya madirisha, ulichokiona ubavuni na uani, na picha zenye tarehe. Historic England hupokea picha na maelezo ya wananchi na kuyaambatanisha na ingizo la jengo husika kwenye orodha. Yatume hayo yako, hasa yale ya kichochoroni.